Mawe ya Mtaroni Si Mafiga

Siku niliyong'oa mawe ya mtaroni naikumbuka kuliko siku ya matokeo yangu ya kidato cha nne. Rukia, mdogo wangu, kesho kutwa naenda bweni na mtaro unabaki mikononi mwako. Niache leo nijifanye mzee, nikuite mwanangu. Usicheke.

Tulikuwa na maulidi hapa kwetu Muheza, wewe uko kwa shangazi Tanga mjini. Ua ulijaa wanawake, nami unanijua, mbele ya watu ulimi hunikauka. Mama aliponituma nikatafute mafiga ya masufuria ya pilau, nilishukuru kuondoka pale. Nikaenda mtaroni. Babu alikuwa amepanga mawe mistari minne ya kukatisha mtaro, tangu barabarani hadi chini kwa jirani yetu Bi Mwanahamisi. Mimi nikadhani yameletwa na maji tu. Kumuuliza Babu niliona haya, amekaa na wageni. Nikayatoa yote, nikazoa na tope. Mtaro ukanyooka, ukapendeza. Mama akanisifu.

Siku ya tatu, alasiri, mvua ya masika ikashuka. Maji yaliyozoea kuteremka kama mtu anayeshuka ngazi yalikuja mbio moja, mekundu, hadi kwenye jiko la Bi Mwanahamisi. Nilikuwa dirishani. Niliyaona yakichimba chini ya kona ya ukuta, na moshi unatoka, maana yake mwenyewe yumo ndani.

Mwanangu, sikupiga kelele. Nilijiambia mtu mzima ataona. Kona ikaanguka. Bi Mwanahamisi akatoka ametapakaa tope, chuma cha vitumbua mkononi. Alhamdulillahi, mzima.

Mvua ilipokatika, Babu alikagua mtaro, akaniita.

"Mawe yangu yako wapi?"

"Yalipikiwa pilau, Babu."

Bi Mwanahamisi akaangua kicheko. "Ala! Kumbe juzi nimekula pilau la ukuta wangu!" Kisha akanigeukia, hacheki tena. "Na dirishani nilikuona. Mdomo wako umeuweka amana kwa nani?"

 

Babu hakunichapa. Alinibebesha mawe yale, meusi kwa masizi, nikayapanga upya yeye akisimamia. "Maji hatuyazibii njia," alisema, "tunayapunguza mbio tu. Kila mstari unayanyang'anya nguvu kidogo."

Basi mwanangu, shika haya. Katikati ya mstari pawe chini kuliko pembeni, la sivyo maji yatazunguka na kula kingo. Pale yanapodondokea, tandaza mawe madogo, yasichimbe shimo. Kichwa cha mstari wa chini kilingane kwa kimo na mguu wa mstari wa juu. Kingoni acha ukoka uote, hata wakikuita mvivu wa kufyeka. Tope likijaa nyuma ya mawe, lizoe, lakini mawe yenyewe usiyaguse. Na kitu usichokijua kazi yake, uliza kwanza, hata mbele ya wageni.

Zaidi ya yote, ukiona maji yanachimba mahali penye mtu, piga ukelele. Sauti ikitoka mbaya, itoke mbaya.

Mungu akupe mvua za kiasi, mdogo wangu, akujalie sauti ya kutosha, na kila utakayemwita akusikie mapema.