Dakika Kumi za Jirani Yangu

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi la kliniki hapa Makole, nasubiri kupimwa presha. Mbele yangu nesi alikuwa anampima mama mmoja wa ofisini, jirani yangu wa ukuta mmoja. Hakuniona.

“Dada, haijashuka. Nilikwambia kila asubuhi ukae kimya, ufumbe macho, upumue taratibu dakika kumi. Unakaa?”

“Nakaa. Ila nikifumba tu, bibi wa jirani huyo, hodi, na habari za mtaa mzima. Mtu mzima yule, nitaachaje kumwamkia?”

“Basi ikibaki hivi, daktari atakuanzishia vidonge.”

Nikajifunika kanga mpaka puani.

Kesho yake niliingia uani kwake bila hodi. Alipotaka kuniamkia, nikaweka kidole mdomoni, nikavuta kigoda, nikafumba macho naye. Shikamoo yake niliipokea tulipomaliza. Tumekwenda hivyo kila siku.

Juzi amepimwa tena, presha imeshuka, vidonge kaviepuka. Mimi nami usingizi umerudi, nalala mpaka jogoo anachoka kuwika. Tena nimegundua jambo: ukifumba macho ukatulia, ugomvi wa nyumba ya tatu unasikika neno kwa neno.