Mavuno ya Kwao, Utoro Wetu

Harufu ya mabua ya ngano yaliyokatwa, ikichanganyika na dizeli, mpaka leo inanikaza taya. Juzi nilipita Hanang ndani ya lori langu, moja kati ya matatu ninayomiliki, nikapandisha kioo. Dereva wangu, kijana mwenye digrii, akauliza kama nasikia baridi. Nikamwambia aangalie barabara.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Wanaonunua simenti kwangu Dongobesh hudhani nilikuwa mzito wa kichwa, kwa hiyo ninyi nawaeleza ilivyokuwa.

Baba alikuwa mfugaji wa huko tambarare. Serikali ilipotaka kila boma litoe mtoto wa shule, alinitoa mimi, kwa kuwa kati ya wanawe mimi ndiye nisiyekuwa na jicho la kuwasoma ng'ombe. Waliokuwa nalo aliwabakiza. Wazee wengi walifanya hivyo, wala hawakuficha. Shuleni nikawa wa kwanza darasani, na hilo halina ubishi.

Kisha shamba la ngano la serikali likatanuka. Asubuhi moja tukakuta njia yetu ya kwenda kwenye maji imelimwa. Ikabidi ng'ombe wazungushwe mbali, pembeni mwa ngano, na akitia mdomo mle hata mmoja, ni faini. Kaka zangu hawakutosha. Baba akanichukua wiki nzima, akaniweka nyuma ya kundi, kule kwenye vumbi, mahali pa mtu asiyeaminika. Niliporudi shule, mwalimu mkuu alinichapa mbele ya wote, akaniita mtoro, mtoto wa watu wasiotaka maendeleo.

Haukupita muda tukaletewa mgeni. Alikuwa mtoto wa mtaalamu kutoka Kanada, yule aliyewafundisha madereva wa shamba mashine za kuvunia. Rika langu kabisa, uso umejaa madoa kama yai la kanga. Kiswahili alikiokota kwa wale madereva, kwa hiyo matusi aliyajua kuliko salamu. Tukapanga mstari, tukamwimbia. Mwalimu mkuu akamwomba atueleze shule za kwao.

Akasema kwao darasa lina moto wakati wa baridi, na basi linamfuata mtoto mpaka nyumbani. Sisi tuliokuwa peku kwenye umande tukavumilia. Kisha akasema, "Wakati wa kuvuna mimi siendi shule. Naendesha trekta, namsaidia baba."

Mwalimu mkuu akapiga makofi, akatugeukia. "Mmesikia? Wenzenu wanafundishwa kazi wangali wadogo. Ndiyo maana wameendelea."

Nikanyoosha mkono. Sikukusudia ujeuri, nilidhani nimepata shahidi. "Shikamoo mwalimu. Na mimi ile wiki nilikuwa namsaidia baba."

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alinichapa huku mgeni akitazama, na yule mtoto akawa anauliza nimekosa nini. Mwalimu alipomaliza nikatoka uwanjani, na shule ile sikurudi tena.

Nilimkuta baba machungani, nikamsimulia huku nalia. Akauliza jambo moja tu: huyo mtoto anafanya kazi na baba yake kweli? Nikasema ndiyo. Baba akacheka mpaka akaegemea fimbo.

"Kumbe na wao ni watu," akasema. "Haya, shika upande ule wa ngano. Peke yako."

Kicheko kile nilikichukia miaka mingi. Nilitaka aende shuleni na mkuki. Nilikuwa nimeshapata watoto wangu nilipokumbuka vizuri aliniweka wapi siku ile. Upande wa ngano ndio uliokuwa na faini, na baba hakuwa amewahi kumwachia hata kaka yangu mkubwa peke yake. Mwalimu aliniita mtoro. Baba akanijibia kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

Hakuna ng'ombe aliyeingia kwenye ngano jioni ile. Lakini msidhani nimesamehe. Nilistahili upande ule wa kundi, na nilistahili pia darasa la tano.