Alichokwepa Methodi

Surua ilimpofusha Mwalimu Elieth akiwa na miaka minne. Hilo halikumzuia kufundisha Kiingereza miaka kumi na tisa hapa Buigiri, kwa watoto wasioona, na kunishinda mimi, mwalimu mwenzake mwenye macho yangu mawili. Nasema hivyo kwa wivu kidogo.

Mumewe, Methodi, alikuwa akimleta na kumrudisha kwa pikipiki. Mwaka juzi, jioni moja wakirudi nyumbani, pikipiki ilikata ghafla kushoto ikaingia mtaroni. Elieth alivunjika mkono. Methodi alifia palepale. Waliofika walikuta barabara tupu, hakuna mtu wala ng'ombe, basi polisi wakaandika kwamba dereva alikuwa amelewa, akasinzia. Ndugu zake wakakubali yaishe. Mlevi gani, jamani? Methodi hata togwa ikichacha alikuwa haigusi.

Elieth peke yake alikataa. Alimweleza askari kuwa dereva akisinzia, pikipiki huiacha njia taratibu. Yeye alikuwa amemshika mumewe kiuno, na alimsikia akikaza mwili kabla ya kukata.

"Mama, wewe huoni," askari alimwambia, kwa upole tu. "Utajuaje?"

Nilikuwepo. Nilinyamaza, na hadi leo naona aibu.

Tangu siku hiyo Elieth anauliza. Sokoni, kanisani, kwa wachunga mbuzi: nani alikuwa barabarani jioni ile? Kila mtu humpa pole, kisha huendelea na shughuli zake. Anachotaka ni shahidi mmoja tu, ili mumewe asiendelee kuitwa mlevi kaburini.

Wiki iliyopita somo lake lilifika kwenye neno swerve. Nilijitolea kumshikia kipindi. Akasema neno hilo atalifundisha mwenyewe. Aliwatoa watoto uwanjani, wakajipanga msururu wakishikana mabega, yeye mbele. Mimi, kwa kiherehere changu, nikasema kamusi inaeleza kuwa ni kugeuka ghafla.

"Haitoshi," alinijibu. "Mtu hugeuka hata akiitwa jina. Neno hili ni la aliye mwendoni, akaiacha njia yake mara moja. Na mara nyingi kuna kitu mbele yake."

Wakaanza kutembea. Katikati ya uwanja akakata kushoto bila kuwaambia. Msururu mzima ukayumba, watoto wakaangua kicheko, kisha wakalitamka neno pamoja mara tatu. Nilidhani kipindi kimekwisha salama.

Shakila, binti aliyemfuata kwenye msururu, bado alikuwa amemshika bega.

"Mwalimu, ulikuwa unakwepa nini?"

Elieth alisimama. Alipapasa mpaka akaupata mkono wa yule mtoto, akaushika.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Kama alikuwa mtu, basi yuko hai. Ila hajaja kuniambia."