Malkia Niliyemweka Ghorofani

Kule Masumbwe hakuna aliyefuga nyuki kwa sanduku kabla yangu. Atakayekuambia vingine ni mwongo, au ni shemeji yangu, ambaye ni yote mawili. Shule nilikwenda miaka miwili. Wa tatu nilishindwa na mwalimu, si masomo.

Nilikuwa nimetoka Mwadui, kazi ya kuchekecha changarawe ya almasi, nikampenda binti wa mrina asali. Mzee yule alikuwa na mizinga ya magome kila mti mkubwa, na sharti lake kwa mposaji lilikuwa moja: alete asali ya pombe ya harusi, masega safi, bila jana hata moja. Masega hupangwa kwenye ungo, shangazi wa binti huyakagua kwa mwiba, tundu kwa tundu. Akikuta mtoto wa nyuki, unarudi kwenu. Wawili walikuwa wamekwisha kurudi kwao, na mmoja wao alikuwa na baiskeli.

Mimi na kupanda miti hatupatani. Lakini siku moja bwana nyuki alikuja barazani na sanduku la vyumba viwili, kimoja juu ya kingine, katikati waya. Akasema nyuki vibarua hupenya, malkia kwa kifua chake kipana hapenyi, kwa hiyo chumba asichofika hakiwi na majana. Wenzangu walibaki wakiuliza maswali. Mimi nilielewa upesi, nikaondoka.

Waya niliutengeneza kwa chekeche bovu nililokuja nalo kutoka mgodini. Matundu yalikuwa sawasawa kabisa. Nani angejua matundu kunishinda? Nikakamata kundi la nyuki, nikamtafuta malkia mpaka nikampata, nikamweka chumba cha juu. Kwetu kiongozi wa nyuki ni mtemi, na mtemi hakalishwi chini ya watu wake.

Siku ya ukaguzi mzee alikuja na kisu, shangazi na ungo wake. Binti alisimama mbali, karibu na njia, akijifanya anatafuta kuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fungua tuone maajabu."

Nilipuliza moshi, nikafungua juu. Kila sega lilikuwa limejaa majana, meupe, manono, kama mchele uliovimba.

"Kaka," shangazi akamwambia mzee, "huyu hajaleta asali, kaleta wodi ya wazazi."

"Nani alikwambia malkia akae juu?" mzee akaniuliza.

"Mtemi hakai chini, baba."

"Kwenu mtemi huzalia darini?"

Nyuki mmoja aliniuma mdomo wa juu, mwingine wa chini. Nilimwona binti akiokota kuni zake na kuanza kuondoka. Hapo moyo ulinishuka hasa, maana baiskeli sikuwa nayo wala kwetu hakukuwa karibu.

"Hicho ni chumba cha watoto," nikasema kwa mdomo uliokuwa ukinenepa. "Nilitaka mkione kwanza."

Nikang'oa waya, nikaomba kimoyomoyo, nikatoa sega la chini. Zito! Mzee akakata, asali ikatiririka mpaka kiwikoni. Shangazi akachoma tundu hili, akachoma lile, akahamia sega la pili, la tatu, la nne. Mwiba ulitoka na asali tupu.

"Umebahatisha," akasema.

"Nilipanga, shangazi."

Mzee alicheka mpaka akameza moshi. "Mwongo. Ila mikono yake ni mizuri. Asali tumepokea. Na wewe, mizinga yangu usiisogelee na hilo chekeche lako."

Binti alikuwa amerudi, kuni kichwani. Akautazama mdomo wangu, ambao sasa ulikuwa umetangulia mbele yangu.

"Na huo nao uliupanga?"

"Ndiyo," nikasema.

Akatua kuni, akaenda kuniletea maji ya kunawa. Shangazi alipoona hivyo alikunja uso, akajitwika ungo na asali yangu, akaenda kuanza pombe.