Mifuko sita ya mboji niliyoiacha Mutanga Nord

Leo mama mwenye nyumba amenizuia langoni kwa sababu ya udongo.

Si kodi, si ufunguo. Udongo!

Miaka minne lori la takataka lilipita kila wiki kuchukua majani ya uani, nami sikuwapa wachukuzi wake hata jani moja. Niliyarundika nyuma ya jiko pamoja na maganda ya ndizi na majivu, nikayageuza kwa jembe mpaka yakawa mboji nyeusi, laini.

Sasa nahamia mtaa wa Buterere, ambako mafuriko yamekwangua udongo wote mzuri. Nilijaza mifuko sita. Nilitaka kupanda lengalenga, mchicha wa kwetu.

“Papa, iyo apana,” akasema mama mwenye nyumba. “Ile majani ilianguka ku miti yangu.”

“Na maganda ya ndizi? Si mi nilikula?”

“Basi beba maganda, Papa. Uache majani.”

Dereva wa kamioneti, gari dogo nililokodi kubeba vyombo, akacheka. Nami nikacheka, kidogo. Miti ni yake kweli.

Nimehama mara saba tangu nitoke Uvira, na kila mara nilijua kipi ni changu. Leo sikujua.

Nikaimwaga mifuko yote sita chini ya mparachichi wake, kwa mikono yangu.

Nilipokwisha kupanda gari, nikamsikia akimwambia mlinzi wake:

“Kesho lori ikipita, uwape ile uchafu yote. Mupangaji mupya anataka ua safi.”

Ninyi mngeshuka?

Mimi sikushuka.