Kura za Maharage

Siwezi kusikia neno likivunjwa nikanyamaza. Nilikuwa hivyo tangu utotoni, pale Kibuli, kwa wazazi waliohamia Kampala kutoka mashariki ya Kongo, na nilikuwa hivyo nilipofundisha ufundi wa simu katika shule moja ya mjini, miaka ile jeshi lilipotawala. Mwalimu mwenzangu wa darasa la pili yake alifundisha redio. Alikuwa Muganda, na kwake l na r zilikuwa pacha. Akitaka kunialika kwenye karamu, alinialika kwenye kalamu. "Ssebo," nilikuwa nikimwambia, yaani bwana kwa Kiganda, "ulimi wako ungekuwa redio, tungeshaufungua zamani." Naye alikuwa akicheka, akiniita bibi kwa Kiganda chake. "Nnyabo, wewe elewa tu. Masahihisho peleka kwa wanafunzi."

Ni yeye aliyetaka mafundi wa redio na simu wakutane siku moja, wafundishane walichojua. Maduka ya spea yalikuwa yamefungwa, waliojua kazi wengi walikuwa wamekimbia, na waliobaki kila mmoja alijifungia na bisibisi yake. Ruhusa ya mkutano tuliipata kwa shida, na mada tulikuwa nazo tatu: transista zilizokuwa zikichukua nafasi ya valvu, laini za simu za mbali, na kutengeneza redio bila spea. Tabu ilikuwa vyumba. Tulikuwa na ukumbi mmoja mkubwa na vijichumba viwili. Ukiiweka mada inayopendwa kwenye kijichumba, watu watasongamana mlangoni na madirishani, na siku zile watu wakisongamana nje waliitwa mkusanyiko. Askari hawakuuliza mmekuja kujifunza nini. Kwa hiyo kujua nani anataka kusikia nini halikuwa jambo la mapambo, lilikuwa usalama wetu.

Mwenzangu akawaita mafundi kwenye karakana ya shule, akawaomba wanyooshe mikono, mada baada ya mada. Hakuna aliyenyoosha. Walitazama viatu vyao tu. Niliwaelewa. Miezi michache nyuma lori la jeshi lilisimama uwanjani petu, wakauliza nani anajua kuendesha gari kubwa. Vijana wakanyoosha mikono kwa fahari, wakapakiwa, na mpaka leo sijamwona hata mmoja. Tangu hapo mkono wa mtu ulikaa mfukoni.

"Basi tupige kula," mwenzangu akasema, na fundi mmoja mzee akauliza sahani ziko wapi. Tulicheka, bannange, jamani, tulicheka mpaka machozi. Kucheka kulikuwa adimu. Kesho yake akaleta maharage makavu kutoka kwake na mikebe mitatu ya majani ya chai, akaichora namba kwa chaki, kila mada na mkebe wake, na kuitoboa mifuniko. Mtu apite peke yake, atumbukize harage moja anakotaka, aende zake. Wakaja. Wiki nzima walipita mmoja mmoja, na mimi kwenye meza yangu nikasikia maharage yakianguka, nikaona raha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi.

Lakini neno kura lilikuwa limezikwa nchini, na mtu akilifukua harufu yake hufika mbali. Siku tuliyotaka kufungua mikebe, saa za asubuhi, waliingia askari watatu. Mkubwa wao alikuwa mtu mtulivu, na utulivu wake ndio ulionitisha.

"Nyinyi napiga kura ya nani hapa?"

Mwenzangu alisimama mbele ya meza. Nilimwona akifikiri, nikaona shati lake likilowa mgongoni. "Afande, si hiyo," akasema. "Ni kula. Kula tu. Siku ya mkutano watu wale nini."

Yule mkubwa akanigeukia. Kiswahili changu alikuwa amekisikia nilipomwamkia. "Wewe mama, wewe najua hii lugha. Amesema kura ama kula?"

Sikumbuki kuogopa vile tena maishani. Kiswahili ni lugha ya mama yangu, aliyonibembelezea, lakini nchini kilikuwa lugha ya jeshi, na pale karakanani ilikuwa imesimama na bunduki begani, inangoja herufi moja kutoka kinywani mwangu. Uhai wa mtu ulikuwa juu ya herufi hiyo.

"Kula, afande," nikasema. "Amesema kula."

Akaichukua mikebe, akaitikisa sikioni mmoja mmoja. Sijui kama alituamini. Nadhani hakutuamini, ila alikuwa amechoka siku hiyo, au alitaka kuchekesha vijana wake. Akafungua mkebe wa kwanza, akaumwaga mezani.

"Kama ni kula, basi kula."

"Afande, hayajapikwa," nikasema.

"Kula."

Mwenzangu akaketi, akaanza. Maharage makavu si karanga. Tulisikia yakivunjika menoni mwake, kisha tukasikia kitu kingine kikivunjika, akafumba macho, akaendelea. Wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Wa tatu ulipomwagwa, hata wale askari vijana waliacha kucheka, mmoja akatazama dirishani. Nilitaka kusema niachieni nusu nimsaidie, nikaishia kuushika ukingo wa meza. Yule mkubwa alingoja mpaka harage la mwisho, akasema, "Mungu akubariki na chakula," wakatoka. Lori likaondoka.

Nilimletea maji kwenye kikombe. Akasukutua, akatema damu, akasukutua tena. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na hasira, jamani, hasira ya kutaka kuvunja dunia. Nikamwambia, "Pole, ssebo. Pole sana. Mkutano tuuache, umekwisha." Nilijua atatapika usiku kucha, na alitapika, siku mbili hakushika kazi.

Alitikisa kichwa. Alikuwa ameshika taya kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaivuta karibu ile mikebe mitupu, akaipanga kwa namba zake.

"Huu wa kwanza ulikuwa kidogo," akasema. "Wa simu, kidogo zaidi. Huu wa tatu, nnyabo, huu ulikuwa hauishi." Akaugusa kwa kidole. "Ledio bira spea. Hiyo ndiyo tuipe ukumbi mukubwa."