Chuo Nilichokisingizia Njaa

Tulipopewa fomu za kuchagua vyuo, kidato cha nne, mwalimu mkuu alituonya kwamba chuo cha ualimu tunachokililia wote kitachukua wawili tu kutoka shule yetu. Mimi nilikitaka kufa na kupona, na alama zangu zilikuwa za katikati. Nikapiga hesabu zangu: alama siwezi kuziongeza, ila waombaji naweza kuwapunguza.

Nikamwendea msichana mmoja wa bweni letu asiyeweza kutunza neno, nikamnong'oneza kwamba kule makande ni mahindi matupu, maharage wanakula walimu. Kwa sisi Wapare, tuliokuzwa na makande, hilo linatosha. Wiki haikuisha, fomu zikafutwa kwa raba hadi karatasi zikatoboka. Rafiki yangu peke yake hakufuta. Alinitazama tu, akacheka.

Jumamosi ikalia mbiu ya msaragambo, kazi yetu ya kijiji kizima, na mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Wanafunzi na wazazi tukajipanga kuzibua mfereji, kila mtu na jembe lake, na umbea ukashuka mkono kwa mkono. Kwangu uliondoka na upungufu wa maharage. Ulipomfikia baba yangu kule chini, chuo kilikuwa na simba anayelala mlangoni pa bweni.

Jumatatu nikaitwa ofisini. Baba alikuwa amesimama, kofia mkononi, ana tope la shambani miguuni. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama.

"Mwalimu, mimi mtoto wangu sitampeleka akaliwe," alisema. "Futa."

Ningeweza kusema ukweli. Lakini fimbo ya mwalimu mkuu ilikuwa juu ya meza, nami niliiogopa kuliko simba wangu mwenyewe. Mwalimu akafuta, akaandika chuo cha ukarani. Baba akanipigapiga begani, ameridhika kabisa kwamba ameniokoa.

Majibu yalipanda na basi kutoka Same. Rafiki yangu alikwenda kule, mimi nikaenda kujifunza kupanga mafaili, nikiwa na hasira na dunia nzima isipokuwa mhusika. Baada ya miezi miwili akaniandikia barua.

"Maharage yapo tele," aliandika. "Ningekuamini, lakini niliona fomu yako hukuifuta. Kitanda cha pili cha shule yetu hakijapata mtu mpaka leo. Ndipo ninapoanikia kanga zangu."